Sinthesaiza ya gitaa kwa anayeanza: kuanzia pikapu hadi sauti ya ilimba

Usisikie jina ukadhani ni gitaa la pekee linalotengenezwa kiwandani. Gitaa lile lile la umeme linalopigiwa kwaya Jumapili linaweza kutoa sauti ya filimbi, violini, kinanda au ilimba (ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), mradi kuna kifaa cha kuusoma uzi na kingine cha kuzalisha sauti. Malalamiko ya wanaoanza karibu yote yanafanana: sauti inachelewa, zinatoka noti ambazo hazikupigwa, uzi mmoja unapiga kelele na mwingine hausikiki. Mara chache sana kosa huwa la mashine. Nyuzi zimechakaa, pikapu (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) imekaa mbali, au mkono unagusa uzi wa jirani. Kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye gitaa lenyewe kuliko kwenye vitufe.

Chagua njia kabla ya kutoa hela

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni pedali inayopokea waya wa kawaida wa gitaa. Boss SY-1 ni mfano mzuri: ina aina 11 za sauti, kila aina ina matoleo 11, jumla 121. Electro-Harmonix nao wana Synth9 na Mel9. Pedali hizi haziulizi umepiga noti gani. Zinaichukua sauti ya uzi na kuigeuza papo hapo, hivyo kuchelewa ni kudogo mno na kodi nzima (noti kadhaa zinazolia pamoja) inapita bila tabu. Kasoro yake ni kwamba hazitoi MIDI (lugha ya kidijiti ya kutumiana noti kati ya vifaa vya muziki), na sauti zake ni zile zile alizoweka mtengenezaji. Ilimba hutaipata humo.

Njia ya pili ni kompyuta mpakato, kadi ya sauti (kisanduku cha kuingiza sauti ya gitaa kwenye kompyuta) na programu inayosoma noti, kama MIDI Guitar ya Jam Origin. Gitaa halitobolewi wala halibandikwi kitu. Programu inatambua noti, inazipeleka kwenye sinthesaiza iliyo ndani ya kompyuta, na hapo mlango wa sauti hauna mwisho. Surge XT, kwa mfano, ni sinthesaiza ya bure kabisa.

Njia ya tatu ndiyo ya kale na ndiyo iliyolipa jambo hili jina: pikapu nyembamba yenye visoma-uzi sita, kila uzi na chake, inayokaa karibu na daraja la gitaa. Roland walianza na GR-500 mwaka 1977. Kwa miaka mingi sasa pikapu hizi huunganishwa kwa waya mnene wenye pini 13, na GK-3 ya Roland ndiyo inayoonekana zaidi kwenye soko la mitumba. Fishman TriplePlay nayo husoma kila uzi peke yake, ila hupeleka habari bila waya kwa kipokezi cha USB.

Kwa mtu wa Dodoma mwenye kompyuta tayari, ushauri wetu ni aanze na njia ya pili. Pikapu za GK si bidhaa ya kutegemea kuikuta rafuni, hata Kariakoo, na ukiagiza nje utaongeza usafiri, ushuru na VAT ya 18%. Waya wa pini 13 ukikatika siku ya tamasha, hakuna duka la jirani la kukuokoa. Kadi ya sauti ikifa, nyingine inapanda basi au treni kutoka Dar es Salaam na kukufikia siku hiyo hiyo.

Ukiamua kununua GK ya mtumba, kuna mtego mmoja wa vizazi. Mashine za sinthesaiza za GR-20, GR-33, GR-55 na GP-10 zote zinatumia pini 13. GM-800 ya mwaka 2023 inatumia mfumo mpya wa kidijiti wenye jeki ya TRS ya inchi 1/4, pamoja na pikapu ya GK-5. Pikapu ya pini 13 haiungani na GM-800 mpaka upate kigeuzi kinachoitwa GKC-AD, na bei yake si ya kuchezea. Muulize muuzaji akutumie picha ya tundu lenyewe. Maelezo ya mdomo hayatoshi.

Gitaa kwanza

Pikapu ya GK ni ya sumaku, kwa hiyo nyuzi lazima ziwe za chuma. Gitaa la nyuzi za nailoni haliwezi kusomwa nayo hata ukiibandika vizuri namna gani. Hilo linahitaji pikapu za piezo (zinazonasa mtetemo bila sumaku) zilizofichwa ndani ya daraja, kama zilizo kwenye baadhi ya magitaa ya Godin. Nyuzi za shaba za gitaa kavu husomwa kwa udhaifu na kwa kutolingana.

Weka seti mpya, unene wa 10 hadi 46 (elfu za inchi). Uzi mwembamba mno unayumba sana ukipigwa kwa nguvu, na mwanzo wa noti unakuwa umepinda. Mashine inasoma upinde huo kama noti nyingine. Uzi mzee una kutu na uchafu usiolingana urefu mzima, kwa hiyo mtetemo wake hauko safi. Sikio la binadamu linavumilia hilo. Mashine haivumilii.

Kisha kagua usahihi wa sauti kwenye freti ya 12. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 upate sauti nyembamba ile ya kengele, halafu bonyeza freti hiyo hiyo kawaida. Noti mbili hizo ziwe sawa kwenye tyuna. Iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza kizingiti cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Bisibisi ndogo inatosha.

Hapo ndipo hali ya hewa ya Dodoma inapoingia. Kati ya Mei na Oktoba hewa ni kavu, mbao inasinyaa, shingo inasogea, nyuzi zinashuka na kuanza kuparuza freti. Mparuzo huo hata kama ni mdogo kiasi cha kutosikika kwenye spika, kwa kisoma-noti ni kelele inayozaa noti za uongo. Gitaa likae ndani ya kasha lake pamoja na kipande cha sponji chenye unyevu, kilichokamuliwa vizuri na kuwekwa ndani ya kisanduku chenye matundu ili kisiguse mbao. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ndio unaolifaa. Mvua zikianza, kagua tena urefu wa nyuzi kabla hujalaumu pikapu.

Kubandika pikapu ya GK

Nafasi yake ni kati ya daraja na pikapu iliyo karibu zaidi na daraja, na kadiri inavyolikaribia daraja ndivyo inavyosoma vizuri. Kila uzi upite katikati ya kisoma-uzi chake. Angalia upande wa uzi wa sita ulioandikwa kwenye pikapu. Ukiigeuza, mashine itaudhani uzi mwembamba kuwa mnene na hakuna kitakachokwenda sawa.

Usianze na drili. Tumia gundi ya pande mbili inayokuja na pikapu, piga gitaa wiki moja au mbili, halafu ndipo uamue kuhusu skrubu. Futa vumbi na mafuta kwanza kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, vinginevyo gundi itaachia kwenye joto la mchana. Kama rangi ya gitaa ni ya zamani au ya lakeri laini, jaribu spiriti mahali pasipoonekana.

Urefu ndio unaoamua kila kitu. Bonyeza uzi wa kwanza kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima nafasi kati ya uzi na pikapu: iwe milimita 1. Fanya vivyo hivyo kwa uzi wa sita. Huna kipimo? Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ongeza karatasi mbili za kawaida za kuchapia na umefika karibu na milimita moja. Kadi ipite huku ikigusa kwa mbali. Ikikwama, uzi utagonga pikapu ukipigwa kwa nguvu. Ikipita kwa uhuru mno, kisoma-uzi kitaanza kusikia na nyuzi za jirani.

Kisanduku cha vitufe hufungwa upande wa chini, kwenye kishikizo cha mkanda, na waya wake mfupi huingia kwenye jeki ya gitaa ili sauti ya kawaida nayo ipite kwenye waya ule ule mnene. Swichi yake ina nafasi tatu: gitaa peke yake, sinthesaiza peke yake, au zote pamoja. Wengi hudhani mashine imeharibika kumbe swichi iko kwenye nafasi ya gitaa peke yake.

Waya wa pini 13 unabeba umeme wa kuendesha pikapu. Zima mashine kabla ya kuuchomeka au kuuchomoa.

Kuitambulisha mashine kwa gitaa lako

Mashine kama GR-55 huuliza mambo matatu. La kwanza ni urefu wa uzi: pima kutoka kizingiti cha juu hadi freti ya 12, zidisha mara mbili. Magitaa ya mtindo wa Fender hutoa milimita 648, ya mtindo wa Gibson karibu 628. La pili ni umbali wa pikapu hadi mahali uzi unapokaa kwenye daraja. Pima kwa kila uzi, maana vizingiti havilingani.

La tatu ni usikivu wa kila uzi, na hapa ndipo watu hukimbia. Piga uzi mmoja kwa nguvu kubwa kuliko utakayowahi kuitumia jukwaani, siyo ile ya chumbani. Mstari wa kipimo uifikie karibu ncha bila kukwama hapo. Rudia nyuzi zote sita, kisha rudia tena kwa nguvu ya kawaida usikie kama zinalingana. Usikivu ukizidi, kiganja kikigusa tu uzi, noti inatoka. Ukipungua, noti laini zinapotea. Nyuzi ya G isiyosokotwa mara nyingi ndiyo inayozidi wenzake. Ishushe bila huruma.

Ukimaliza, panda freti moja moja kutoka uzi mtupu hadi ya 12 kwa kila uzi, polepole. Noti ikikatika mahali pamoja kila mara, hapo pana freti inayoparuza. Hilo ni la fundi wa gitaa.

Kama unatumia kompyuta

Chomeka gitaa kwenye tundu la kadi ya sauti lenye alama ya INST, siyo la laini, kwa sababu pikapu ya kawaida inahitaji tundu la ukinzani mkubwa. Kwenye laini sauti inafifia na kupoteza ukali. Usipitishe pedali yoyote. Ongeza sauti ya kuingia mpaka kodi nzito ifike kati ya -12 na -6 dB, taa nyekundu isiwake hata mara moja.

Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (inayopunguza kuchelewa kwa sauti) ya mtengenezaji wa kadi hiyo. Weka kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa (fungu la sampuli linalochakatwa kwa pamoja) 128. Bafa ya 128 kwa kasi hiyo ni milisekunde 2.7 kila upande. Ya 512 ni karibu 11, na utaihisi vidoleni. Sauti ikianza kupasuka-pasuka, funga kivinjari na programu nyingine kwanza, zima Wi-Fi, ndipo upandishe bafa hadi 256. Simu za Android nyingi hazifai kazi hii, kuchelewa kwake ni kukubwa. Kwa iPhone na iPad programu hiyo ya Jam Origin ipo.

Sasa suala la kupinda sauti, ambalo huwatesa wengi bila kujua linatoka wapi. Kisoma-noti na sinthesaiza lazima vikubaliane kiwango kimoja. Tuseme kisoma-noti kimewekwa nusu toni 24 na sinthesaiza imebaki 2, kama nyingi zinavyokuja. Unavuta uzi kwa nusu toni kamili, sinthesaiza inapanda senti 8 tu (senti 100 ni nusu toni moja), yaani karibu na bure. Ukigeuza namba hizo, mvuto huo huo unaruka oktavu nzima. Weka namba moja pande zote. Pia acha kila uzi upewe chaneli yake ya MIDI, sita kwa jumla. Nyuzi zote zikiwekwa kwenye chaneli moja, ukivuta uzi mmoja kodi yote inapinda.

Kwa nini nyuzi nene huchelewa

Hili si hitilafu, ni fizikia, na pesa hailiondoi. Ili mashine ijue noti, lazima isubiri angalau mzunguko mmoja wa mtetemo, mara nyingi zaidi. E nene hutetemeka mara 82.4 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 12. A ni milisekunde 9, D karibu 7, na E nyembamba ni 3 tu. Mizunguko miwili ya E nene peke yake imekula milisekunde 24 kabla kompyuta haijaongeza zake.

Dawa ya sauti ya besi ni kupiga oktavu moja juu, kwenye nyuzi nyembamba, na kuishusha sinthesaiza kwa nusu toni 12. Kwa violini na sauti nyingine zinazoingia taratibu, kuchelewa hakusikiki kabisa. Kwa sauti za kugonga, kama piano au marimba, kunasikika mara moja. Anza na violini basi, uuzoeshe mkono. Mashine za GR-55 zina pia sauti za kuiga zinazotumia mtetemo wa uzi wenyewe bila kusubiri noti. Hizo zinakuja papo hapo na ndizo zinazofaa kwa solo ya kasi.

Mkono wenyewe unadai adabu mpya. Piga kwa piki, pigo moja safi, ukiwa umesogea kidogo kuelekea shingoni. Nyuzi usizotumia zizimwe na mkono wa kushoto. Kamba laini ya nywele ikifungwa kwenye freti ya kwanza hutuliza nyuzi tupu unapopiga juu ya shingo. Kucharaza kwa mikwaruzo ya rumba hakupiti hapa. Kodi zichambue uzi kwa uzi.

Kutengeneza ilimba

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu kwa mtu wa Ugogo, na ndipo sauti za kiwandani zinapokwama. Ukichagua "kalimba" kwenye mashine, utapata mizani ya piano. Ilimba ya Wagogo haiko hivyo: mizani yake inakaribia sauti asilia zinazozaliwa ndani ya uzi au sauti moja nene, zile za 6, 7, 8, 9 na 10. Ndiyo maana hata rekodi za Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, hazikubali kuandamana na kinanda kilichotyuniwa kawaida.

Tuseme shina lako ni C. Noti unazozihitaji ni C, D, E, G na B bapa. D inapanda senti 4, G senti 2. Hizo unaweza kuziacha. E inashuka senti 14. B bapa inashuka senti 31, na hiyo ndiyo inayobeba ladha yote. Surge XT inakubali faili za mizani za aina ya Scala: andika faili ya noti 12, zote za kawaida isipokuwa hizo mbili, ipakie, na uweke C kuwa shina.

Baada ya hapo kuna mambo mawili ya lazima. Weka kisoma-noti kwenye hali ya nusu toni kamili, bila kupinda, ili kila freti itume noti safi na mizani yako iheshimiwe. Mtikisiko wa kidole usiingie. Kisha ondoa kabisa sauti ya kawaida ya gitaa kwenye spika. Freti za gitaa ziko kwenye mizani ya piano, na B bapa mbili zilizopishana senti 31 zikilia pamoja utasikia mawimbi mabaya yanayokwaruzana.

Kwa sauti yenyewe, anza na mwanzo mkali usio na kuchelewa, mfifio wa sekunde moja hadi mbili, na wimbi la msingi lenye sauti za juu chache. Ongeza mvumo kidogo wa kukoroma kwa nyuma, kwa kuwa ilimba halisi ina utando wa buibui kwenye tundu unaotetemeka pamoja na vyuma. Bila huo sauti inakuwa safi mno, kama ya kisanduku cha muziki cha watoto. Pigia kwenye nyuzi tatu nyembamba tu.

Umeme, spika na vumbi

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Vifaa vya mtumba kutoka Japani huja na adapta ya volti 100, na ukichomeka moja kwa moja moshi unatoka kabla hujasikia noti. Soma lebo ya adapta: volti za kuingia, volti za kutoka, kama ni AC au DC, na upande wa hasi. Pedali za Boss hutumia DC ya volti 9, hasi ikiwa katikati. Mashine kubwa za zamani nyingine zinataka AC, kwa hiyo plagi kuingia si ushahidi kwamba adapta ni yake.

Umeme ukikatika katikati ya ibada, mashine hujiwasha upya na kompyuta kadi ya sauti huipoteza. UPS ndogo inatosha kwa vifaa hivi. Amplifaya usiichomeke humo. Inveta za bei rahisi zisizotoa wimbi safi huleta mlio kwenye pikapu, na jenereta ndogo vilevile. Mvumo ukisikika, chomoa kwanza chaja ya kompyuta uone kama unaisha. Ukiendelea, shuku waya wa ardhini wa jengo: udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na ardhi iliyofanya kazi Februari inaweza kuwa dhaifu Septemba. Hiyo ni kazi ya fundi umeme. Kamwe usikate pini ya ardhini kwenye plagi ili kuondoa mvumo.

Amplifaya ya gitaa inakata sauti za juu, na violini ikipitia humo inasikika kama iko ndani ya pipa. Peleka sinthesaiza kwenye miksa ya kanisa au ukumbi, tundu la L/MONO kama miksa ina nafasi moja. Waya ukizidi mita 6 au 7 weka kisanduku cha DI (kinachowezesha sauti isafiri mbali bila kelele) jukwaani. Anza na sauti ya miksa ikiwa chini kabisa, kwa sababu sauti za kiwandani hazilingani nguvu, na fundi mitambo hatakusamehe ukibadilisha kutoka filimbi kwenda tarumbeta akiwa ameinua.

Vumbi la kiangazi huingia kwenye tundu la pini 13 na kukata uzi mmoja mmoja: leo A haisikiki, kesho imerudi. Puliza kwa hewa kavu, kisha nyunyizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, chomeka na kuchomoa mara tano mashine ikiwa imezimwa. Mafuta ya kulainisha bawaba yasitumike, yanakamata vumbi zaidi. Tundu lisilotumika lifunikwe kwa selotepu ya karatasi, na waya mnene uviringishwe kwa duara pana la upana wa sahani. Ukikunjwa kwenye kiwiko, nyaya za ndani hukatika karibu na plagi na huwezi kuziona.